Sura ya Saba: Baba Amekataa

Nduku alisinzia kabla mkutano haujafunguliwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, katika ukumbi wa mji pale Machakos, ameegemea ukuta, na mkononi alishika kikombe cha chai alichopewa mlangoni. Mwikali, mama aliyekuwa akiwapikia wageni, alipita akaona kichwa kinainama kidogo kidogo. Akakitoa kile kikombe kwenye vidole vyake polepole ili chai isimmwagikie, akakifunika kwa kisahani na kukiweka chini ya benchi. Hakumwamsha.

Uchovu ule haukuwa wa siku moja. Tangu baba yake, mzee Ndunda, apigwe na kiharusi, Nduku ndiye aliyemwinua, aliyemlisha uji, aliyemgeuza kitandani ili mgongo usifanye vidonda. Kaka zake walikuwa Nairobi na watoto wao. Nyumbani Kola walibaki watu watatu: yeye, baba asiyeweza tena kutamka neno, na shangazi Mukai, dada mkubwa wa baba, ambaye mgongo wake mwenyewe ulikuwa umeisha kwa kubeba maji na kuni. Asubuhi Nduku alifundisha chekechea. Alasiri alirudi kuwa mikono na miguu ya baba yake. Alikuwa na miaka thelathini na tatu, lakini akijitazama kwenye kioo aliona mtu aliyemzidi umri.

Shule ndiyo iliyomtuma mjini. Mwalimu mkuu alisikia kwamba wasemesha vikaragosi kutoka Thika, Nakuru na hata Kisumu watakusanyika Machakos wiki ile, na kwamba watawafundisha walimu bila malipo. Alitaka Nduku ajifunze, kwa maana darasani mwake kulikuwa na watoto waliomwogopa mwalimu lakini wangeweza kumwambia mwanasesere kila kitu. Nduku alikubali upesi. Hakumwambia mwalimu mkuu kwamba alichotamani zaidi ni kukaa chini mahali ambapo hakuna anayemwita.

Wala hakumwambia kwamba mmoja wa wakufunzi angekuwa Ayub.

Ayub alikuwa mwana wa mama Safiya, yule auzaye mahamri na sambusa karibu na msikiti. Alichonga vikaragosi kwa mti mwepesi, na akavisemesha yeye mwenyewe, mdomo wake umetulia kama wa mtu anayemsikiliza mwenzake. Mama yake hakuipenda sana kazi ile ya kuchonga sura, ila alimpenda mwanawe. Kwa hiyo alimshonea kikaragosi chake kanzu ndogo na kofia, akaweka hata kifungo cha shingoni, lakini macho alikataa kuyagusa. Macho Ayub aliyachora mwenyewe. Kikaragosi hicho kiliitwa Bwana Tosha, na ndicho alichokuja nacho shuleni Kola mwaka mmoja kabla ya hapo, siku alipomwona Nduku akicheka, naye akasahau Bwana Tosha alikuwa amefika wapi katika hadithi.

Walipendana kwa namna ya watu wasio na nafasi. Ayub alikuwa akifika Jumapili, akakaa uani, akasaidia kupasua kuni huku wakizungumza. Mwezi wa nne wazee wa upande wake walipeleka mbuzi wa ntheo, wale mbuzi ambao Wakamba hupeleka kwanza kwa baba wa msichana ili posa itambulike. Kama wanapokewa, msichana ameposwa. Kama wanarudishwa, mambo yameishia hapo. Shangazi Mukai alitoka chumbani kwa mzee, akajifuta mikono kwa leso, akawaambia wageni kwamba baba amekataa. Ametikisa kichwa, alisema. Mbuzi wakarudi mjini. Jioni ile Ayub alipomuuliza Nduku, naye alimjibu hivyo hivyo, kwamba baba amekataa. Toka hapo hawakuonana.

Sasa alipofumbua macho kwenye benchi, Ayub alikuwa mbele ya ukumbi, anafungua masanduku. Alimwona. Hakuja kumsalimia mbele za watu, wala hakugeuza uso. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepisha mwingine njiani, akaendelea na masanduku yake. Moyo wa Nduku, uliokuwa umechoka kama viungo vyake vingine, ulishtuka hata akauonea huruma.

*

Mkufunzi mkuu alikuwa mzee mmoja mwembamba aitwaye Henry, aliyesema bila kutikisa midomo tangu ujana wake. Siku za kwanza aliwafundisha kutengeneza vichwa kwa magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi ya unga, kuvikausha juani, kuvipaka rangi. Halafu akawafundisha kupumua, na kusema meno yakiwa yamefunguka kidogo tu. Maneno kama baba na mama yaliwashinda wengi, kwa sababu yanataka midomo ikutane. Mzee Henry akawaonyesha jinsi ya kuutumia ulimi nyuma ya meno. Ukumbi mzima wa watu wazima ulikaa ukinung'unika kama nyuki, na Mwikali akasimama mlangoni na mwiko wake, akacheka mpaka akakaa chini.

Nduku alipochelewa kwa sababu ya kumhudumia baba asubuhi, alikuta sahani yake imefunikwa. Alipolala wakati wa mapumziko, mzee Henry aliwaambia wengine waende wakafanyie mazoezi nje. Hakuna aliyemwambia pole kwa sauti. Walimwacha tu apumzike, na hilo lilimgusa kuliko maneno.

Siku ya mwisho kabla ya chakula cha mchana, mzee Henry aliwarudishia jambo moja alilosema ndilo msingi wa kazi yote.

"Watu wanafikiri siri iko midomoni," alisema. "Iko machoni. Mtazame kikaragosi wako kama mtu anayekusimulia jambo zito. Ukimtazama yeye, kila mtu atamtazama yeye. Hakuna atakayekumbuka kukutazama wewe unayesema."

Kisha akawaita mbele wawili wawili. Kila mwanafunzi alisimama na mkufunzi, vikaragosi vyao vikaulizana habari. Ilipofika zamu ya Nduku, mkufunzi aliyebaki alikuwa Ayub.

Kikaragosi cha Nduku kilikuwa mzee. Hakupanga awe na sura ile. Kichwa kilipokuwa kikikauka juani kilikunjika upande mmoja, na mdomo ukashuka kushoto. Alipokivaa mkononi na kukiinua, ndipo alipoona kwamba ni baba yake aliyekuwa akimtazama. Hakuwa na nafasi ya kukishusha.

Bwana Tosha alisalimia. Aliuliza habari za Kola, habari za mvua, habari za mbaazi shambani. Mzee wa mdomo wa kando alijibu moja moja, kwa sauti nzito, na watu wakaanza kutabasamu. Kisha Bwana Tosha, au Ayub, akauliza polepole:

"Na lile jambo la wale mbuzi, mzee? Lilikwendaje?"

Nduku aligeuza macho akamtazama mzee wake wa karatasi. Midomo yake haikutikisika hata kidogo.

"Baba amekataa," mzee akasema.

Ukumbi ulicheka. Ilikuwa kichekesho kweli, mzee kujisema kama mtu mwingine, na namna Nduku alivyomgeukia kwa heshima, kama binti anayeletewa habari. Mzee Henry alipiga makofi. Akawauliza wenzake kama wameona. Akasema wiki nzima hakuna aliyetamka maneno yale safi kiasi kile, midomo imelala kabisa, na kwamba mtu hawezi kuyasema hivyo bila kufanya mazoezi ya miezi mingi.

Ayub hakucheka. Alimshusha Bwana Tosha, akamkunja kanzu yake, akamlaza sandukuni.

Nduku alisimama pale na mkono ndani ya kichwa cha karatasi. Alihisi uso unawaka moto. Miezi mingi, alijiambia. Tangu mwezi wa nne.

*

Alimkuta Ayub nje kwenye bomba, akisugua gundi iliyokaukia vidoleni. Alipomwona alisogea ili naye apate maji. Waliosha mikono kwa zamu, kama watu wa nyumba moja.

"Nisamehe," Ayub alisema. "Sikufaa kukuuliza mbele za watu."

"Ulimuuliza mzee. Hukuniuliza mimi."

"Basi nakuuliza wewe. Siku ile ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulimwona baba akitikisa kichwa?"

Nduku aliyaacha maji yapite juu ya vidole. "Kichwa cha baba hutikisika akimeza uji. Hutikisika hata upepo ukiingia dirishani. Mimi ndiye namlisha, najua."

"Na bado ukaniambia amekataa."

"Nilikuwa nimechoka, Ayub." Alisema bila kuinua sauti. "Baba akikataa, jambo limeisha, hakuna anayeuliza mara ya pili. Ningekwambia kwamba mimi ndiye naogopa, ungenibembeleza. Na sikuwa na nguvu ya kubembelezwa."

Ayub alifunga bomba.

"Unaogopa nini?"

"Nikiolewa, nani atamwinua?"

"Ni nani alikwambia nitakutoa Kola?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na uchungu kidogo. "Nilishatafuta nyumba pale sokoni, mwendo mfupi wa kufika kwa baba yako hata ukiwa umebeba sufuria ya moto. Nilitaka nikwambie siku ile ile ya mbuzi. Sikupata nafasi."

Alimweleza yaliyobaki kwa kifupi. Kundi lao lilikuwa linaondoka Jumatatu kwenda Pwani kwa mwaka mzima. Mzee Henry alimpa ruhusa abaki afanye maonyesho katika shule za Machakos, kama ana sababu ya kubaki. Kama hana, jina lake lilikuwa tayari kati ya wasafiri. Mama Safiya naye aliulizwa, akasema kwamba Nduku asali anakosali, yeye anachotaka ni kumwona mwanawe amekula chakula cha moto.

"Kwa hiyo sitaki jibu la baba tena," Ayub alimalizia. "Nataka lako. Hata likiwa hapana nitaliheshimu, ili mradi limetoka kwako."

Nduku alijifuta mikono kwenye sketi. Alitamani kulala. Alitamani aamke siku nyingine akute jibu limeshatolewa na mtu mwingine.

"Kwanza nitamuuliza," alisema.

"Utamuuliza nani?"

"Baba. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Sote tumekuwa tukimjibia tu."

*

Pikapu ya kundi iliwashusha Kola jua likianza kupoa. Ayub alikuwa amenunua mkate na sukari, kwa maana hakuzoea kwenda kwa watu mikono mitupu, hata kwa watu waliorudisha mbuzi wake. Shangazi Mukai alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, akichambua mbaazi. Ayub alimwamkia. Aliitikia bila kumtazama, lakini akasukuma kigoda cha pili kwa mguu, ili mgeni asikae chini.

Nduku aliingia kwa baba peke yake.

Mzee Ndunda alikuwa macho. Nduku alipiga magoti kando ya kitanda na kumwambia yote, taratibu, kama anavyowaambia watoto wa chekechea: kwamba yupo mwanamume, jina lake Ayub, kwamba alileta mbuzi, kwamba anataka kumwoa na kukaa papa hapa Kola. "Nau," alimwita, yaani baba yangu, "wewe unasemaje?"

Baba alimtazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa yale yale ya zamani, yaliyomsindikiza shule akiwa mdogo. Kisha mkono wake mzima, ule wa kulia, ukatoka polepole chini ya blanketi. Ulipanda mpaka kwenye kitambaa cha kichwa cha Nduku kilichokuwa kimeteleza, ukajaribu kukirudisha mahali pake. Haukuweza. Ukajaribu tena. Nduku aliinamisha kichwa, akamsaidia, mpaka kitambaa kikakaa sawa. Mkono ukashuka. Mzee akafumba macho.

Nduku alingoja. Hakukuwa na zaidi. Halikuwa jibu, au kama lilikuwa jibu, halikuwa la swali lake. Baba alikuwa ameona binti yake amechoka na hajajitengeneza, akafanya alichoweza. Ndoa yake isingeamuliwa kitandani pale. Alilia kidogo bila sauti, akajifuta, akatoka.

Nje shangazi alikuwa ameshaanza.

"Mimi sina ubaya na wewe, kijana," alikuwa akimwambia Ayub. "Lakini baba yake alikataa. Hata leo asubuhi nimemtajia jina lako, akageukia ukuta."

Aliposema hivyo alitazama dirisha la chumba cha mzee, kwa huzuni na heshima. Ayub naye akatazama dirisha. Nduku peke yake hakulitazama. Alimtazama shangazi, akaona mishipa ya shingo yake ile nyembamba, akaona jinsi inavyohangaika kwa kila neno.

"Shangazi," alisema, "baba hajasema. Anayesema ni wewe."

Mikono ya shangazi ilisimama juu ya ungo.

"Na kama ni mimi?" aliuliza. "Wewe ukitoka hapa, nitamwinua kwa mgongo upi? Kaka zako wanakuja Krismasi, wanapiga picha naye, wanaenda. Unataka nikae nimtazame ndugu yangu akioza?" Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na usinitupie mimi peke yangu. Nilikusikia jioni ile pale langoni. Ulimwambia huyu kijana baba amekataa, ukamtazama usoni. Tulikuwa wawili, mwana wakwa, mwanangu."

"Tulikuwa wawili," Nduku alikubali. "Sina hasira na wewe. Ni kweli ulikuwa unaogopa. Hata mimi."

Ayub alikaa na mikono magotini. Kuku walikuwa wakiingia kibandani mmoja mmoja, na jikoni maji ya kumwogesha mzee yalikuwa yanachemka, kwa sababu saa ya kuoga ilifika hata watu wakiwa na shida zao. Nduku aliyachanganya na ya baridi kwenye beseni. Shangazi alijishika magoti ainuke amsaidie, kama kila jioni, akafika nusu, mgongo ukamkamata. Alibaki ameinama, ameshika ukuta, anapumua kwa mdomo.

Ayub alikuwa amesimama tayari. Alimkalisha shangazi polepole, akakunja mikono ya shati mpaka juu ya viwiko, akaelekea mlango wa chumba cha mzee.

"Wacha mimi nimwinue," alisema.

Mtu yeyote angeweza kumsaidia mzee kuoga. Jirani angeweza, mpita njia angeweza. Mwanamume mmoja tu haruhusiwi, naye ni yule aliyeposa binti wa nyumba hiyo akakubaliwa. Wakamba huiita nthoni, ile heshima na haya kati ya mtu na wakwe zake: mkwe haingii anapolala baba wa mkewe, wala hamwoni akiwa hana nguo. Lakini mbuzi wa Ayub walirudishwa. Hakuwa mkwe wa mtu. Alikuwa mgeni mwenye mikono yenye nguvu, na akishaingia mle na kumwosha mzee, angebaki mgeni, asingeweza kuwa mkwe tena. Shangazi alilijua hilo. Alimtazama akienda, na usoni mwake kulikuwa na nafuu ya mtu ambaye jambo linamalizika bila yeye kusema tena.

Ayub naye alilijua. Alizaliwa mjini, lakini nyanya yake mzaa mama alikuwa Mkamba wa Kithyoko. Hata hivyo alikuwa anakwenda, kwa sababu kulikuwa na mzee aliyelowa kitandani na maji yanapoa.

Nduku aliona yote mawili, nafuu ya shangazi na mgongo wa Ayub ukielekea mlangoni. Kama angenyamaza sasa, ingekuwa rahisi. Kesho asubuhi angeamka akute mambo yameamuliwa. Aliweka beseni chini, akatangulia, akanyoosha mkono wake kuvuka mlango kutoka fremu hii hadi ile.

"Usiingie," alisema.

"Maji yanapoa, Nduku."

"Nitayapasha tena. Mkwe haingii humu."

Ayub alisimama pale pale. Alimtazama kwanza mkono, halafu uso, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma kitu na kurudia ili awe na hakika. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Akaanza kuishusha mikono ya shati lake, upande mmoja, halafu mwingine, akafunga na vifungo vya mwisho, ingawa kimoja kilimshinda.

Shangazi Mukai alikaa akiutazama ule mkono mwembamba uliozuia mlango, na mtu asingejua kama amekasirika au amechoka tu. Mwishowe aliushika ukuta, akainuka kwa kuuma meno, akamkataza Nduku kwa kichwa asimsaidie. Alikwenda mpaka kwenye ua wa minyaa unaowatenga na jirani, kidogo kidogo, akashika matawi.

"Maundu," aliita. "Maundu we, uko? Njoo utuinulie mzee aoge." Akapumzika, akavuta pumzi, akaongeza kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu: "Hapa tuko na mkwe tu, na mkwe hawezi kuingia."